Ikama ya Watuhumiwa

Ilikuwako nchi moja ambayo jina lake tumelazimika kuliacha, kwa kuwa jina lenyewe ni siri ya serikali na wananchi wake hulitaja kwa kibali tu. Mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona. Ramani zake huchorwa na Idara ya Utulivu, na Idara ya Utulivu haipendi kuonwa. Lakini msiihurumie. Ilikuwa nchi nzuri, yenye raia wapole, na serikali iliyowapenda raia hao kiasi cha kutaka kujua kila wanachosema, pamoja na wanachokusudia kusema wakishapata chai.

Ghorofa ya pili ya Idara hiyo, katika chumba kisicho na namba mlangoni, alikaa mama mmoja aitwaye Leokadia. Alikuwa Afisa Ikama. Ikama, kwa wasioyajua mambo ya ofisi, ni makadirio ya watu: ofisi fulani inahitaji wangapi, wa cheo gani, mwaka huu na miaka ijayo. Hospitali hukadiria waganga kwa kuangalia wagonjwa. Shule hukadiria walimu kwa kuangalia wanafunzi. Idara ya Utulivu ilikadiria majasusi kwa kuangalia watuhumiwa, na kanuni yake ilikuwa nyepesi hata mlevi angeikariri: mtuhumiwa mmoja, afisa mmoja, na daraja la afisa lisizidi daraja la mtuhumiwa wake. Huwezi kumkabidhi afisa wa daraja la kwanza muuza maandazi. Utakuwa umemvunjia heshima afisa, na pengine hata muuza maandazi.

Kanuni hii ilirahisisha mambo mengi. Afisa akitaka kupanda cheo hakuwa na haja ya kusoma wala kujipendekeza; alitafuta tu mtuhumiwa mzito zaidi. Na mtuhumiwa akifa, au akionekana hana hatia, nafasi ya afisa wake ilifutwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana katika historia yote ya nchi hiyo hakuwahi kuonekana mtu asiye na hatia.

Desturi ya pili ndiyo iliyowapa fahari kubwa zaidi: anayesoma hasaini, na anayesaini hasomi. Walieleza kwamba siri ikisomwa na kusainiwa na mtu mmoja, inalala katika kichwa kimoja, na adui akikipata kichwa hicho kamaliza kazi. Kwa hiyo Afisa Msomaji alisoma waraka, akaufunga katika bahasha yenye dirisha dogo upande wa chini, na Mkurugenzi Mkuu akatia saini dirishani. Mkurugenzi Mkuu, Dakta Deusdediti Mwombela, alikuwa amesaini hivyo kwa miaka kumi na minne pasipo kusoma hata mstari mmoja. Wenye midomo mirefu walisema hata kitabu kilichompa udaktari alikisaini tu.

Leokadia alikuwa na mume, Gervasi, mtu mrefu mwenye aibu, na kazi yake ilikuwa kupima mvua. Kila siku saa tatu asubuhi aliliendea kopo la kupimia nyuma ya kituo cha hali ya hewa, akachungulia, kisha akapiga simu makao makuu na kusema, "Milimita kumi na mbili." Kiangazi kikifika alisema, "Sifuri." Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali, na Gervasi alisema sifuri kwa siku arobaini mfululizo.

Ilitokea kwamba mwaka huo huo Dakta Mwombela alikuwa anahangaika na mpwa wake, Rogati, bwana wa miaka thelathini na miwili aliyekwisha kufukuzwa kazi tatu, moja kati ya hizo ikiwa ya kulinda ghala tupu. Mama yake alikuwa haishi kulia kwa kaka yake. Rogati angeweza kuajiriwa daraja la tatu endapo tu angepatikana mtuhumiwa wa daraja la tatu. Akapewa chombo cha kusikilizia simu za watu. Siku ya kwanza akasikia sauti tulivu inasema "sifuri". Siku ya pili, saa tatu kamili, "sifuri". Siku ya tatu akashika kalamu: "Mtuhumiwa anahesabu kurudi nyuma, na hesabu imefika mwisho. Lolote laweza kutokea."

Gervasi alichukuliwa Jumanne, akiwa na buti zake za mvua miguuni. Na aliyemwingiza kwenye ikama ni mkewe mwenyewe. Hakujua. Watuhumiwa huandikwa kwa namba, na asubuhi ile Leokadia alichapa mstari huu kati ya mingine arobaini: 4471, daraja la tatu, afisa mmoja. Kisha akarudi nyumbani, akapika, akangoja.

Alipojua kwamba 4471 ni mumewe, alipanda ghorofa ya tano.

"Mheshimiwa, mume wangu anapima mvua tu."

"Pole sana, Bi Leokadia," alisema Dakta Mwombela, na sauti yake ilijaa huruma ya kweli. "Lakini mimi sikusoma. Nilisaini tu."

Akashuka ghorofa ya tatu kwa Afisa Msomaji.

"Pole mama. Mimi nilisoma tu. Sikusaini."

Kwa hiyo ikathibitika kwamba hakuna mtu aliyemkamata Gervasi, na palipokosekana aliyemkamata hapakuweza kupatikana wa kumwachia.

Mtauliza kwa nini mwanamke huyo hakuacha kazi. Hakuacha kwa sababu ya karatasi. Kila mwezi afisa alitakiwa kuleta mstari mmoja juu ya mtuhumiwa wake, kuthibitisha kwamba nafasi bado ina kazi, na mistari hiyo ilipitia mezani kwa Leokadia. "4471: ameamka. Amekula. Amenyamaza." Aliisoma mara ya kwanza akiwa amefunga mlango. Mwezi uliofuata: "4471: ameota jua." Mwingine: "4471: ameuliza habari za nyumbani." Siku ile alitoka kazini akawasalimia hata watu wasiomjua. Na mwezi ulioandikwa "4471: amecheka leo," alikaa wiki mbili akijiuliza ni nini kilichomchekesha, maana Gervasi hakuwa mwepesi wa kucheka. Miaka sita aliishi kwa mistari hiyo. Wengine hupata barua. Yeye alipata mistari, akaitunza kwenye bati la biskuti juu ya kabati.

Mwaka wa sita Dakta Mwombela aliwaita watumishi wote ukumbini kuzindua Mpango Mkakati wa Rasilimali Watu wa Miaka Ishirini. Alivaa suti tatu kwa siku ile, moja kwa kila kipindi.

"Ndugu maafisa!" alianza. "Taifa lisilojua litamshuku nani baada ya miaka ishirini ni taifa lisilo na dira! Leo tunawashuku wazazi. Sawa. Je, tumejiandaa kuwashuku wajukuu?"

Hapana, walinong'ona maafisa kwa majuto.

"Nimepokea taarifa ya aibu kwamba iko wilaya yenye watuhumiwa wawili. Wawili! Maafisa wetu wanakaa pale wanapiga miayo, na wao ni watu, wana watoto. Raia anayeishi bila kutiliwa shaka lolote anamnyima afisa mmoja ugali wake. Huo ni ubinafsi!"

Walipiga makofi mpaka vumbi la mapazia likawaangukia. Kisha akatangaza kwamba kabla ya kupanga ya kesho lazima yajulikane ya leo, kwa kuwa kuna uvumi kwamba baadhi ya maafisa wana watuhumiwa hewa. Ufanyike uhakiki. Kila mtuhumiwa aonwe kwa macho. Na wa kuwaona awe Bi Leokadia, mtumishi mtiifu ambaye, alisema Dakta akimtolea tabasamu, "alipata msiba mdogo wa kiutawala na hakuwahi kurudi kulalamika."

Leokadia aliingia msalani akalia kwa furaha, khanga mdomoni asisikike. Nyumbani alifungasha shati la mikono mirefu, miwani ya Gervasi ya kusomea, na mkebe wa senene wa kukaanga, ambao aliuonja mara tatu kuhakikisha chumvi.

Nyumba ya Mapumziko ya Taifa, walikofungiwa watuhumiwa waliochukuliwa, ilikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa saa tano kwa gari la Idara. Getini alikaa mtunzaji wa mahali pale, Mzee Makungu, na daftari lake mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kuhesabu?"

"Nimekuja kuhesabu. Tuanze na 4471."

Mzee alifungua daftari, akalifunga tena. "Yule mpima mvua?"

"Huyo huyo. Yuko wapi?"

"Mwanangu, yule amekufa. Alikuja mwezi wa tatu, akafa mwezi wa nane. Homa. Niliandika barua mbili kuomba daktari, na ya tatu kuomba jeneza. Hazikujibiwa."

"Mwezi wa nane upi?"

"Wa mwaka ule ule aliokuja."

Leokadia aliweka mkebe wa senene chini, taratibu, kana kwamba ungevunjika. "Haiwezekani. Mwezi uliopita ameota jua. Imeandikwa. Amecheka."

"Nani aliyeandika?"

Aliyeandika alikuwa Rogati. Alifika pale mara moja tu, akaonyeshwa geti, akasema kuna mbu, akarudi mjini. Gervasi alipokufa, nafasi ya Rogati ingekufa naye. Basi Rogati akamwamsha. Akamlisha, akamwotesha jua, akamfanya aulize habari za nyumbani. Na mwezi mmoja, labda amekula akashiba, akamfanya acheke.

Mzee Makungu alimpeleka nyuma ya jiko. Kaburi lilikuwa ukingoni mwa shamba la maharage, na maharage yalikuwa yamekwisha kulipanda. "Tulimzika mimi na mpishi," alisema. "Tulimwombea tulichokijua."

Leokadia hakulia. Huzuni ilikuja baadaye, na ilikaa sana. Kilichompanda pale kilikuwa hasira, na ilikuwa hasira mbaya kuliko zote, hasira ya mtu aliyekuwa akifurahi. Alikumbuka kila mwezi aliomshukuru Mungu kwa mstari mmoja. Waliomuua Gervasi, huenda siku moja angejifunza kuwavumilia, kama watu wa nchi ile walivyovumilia mengi. Waliomchekesha akiwa udongoni, hapana. Hao aliwataka.

Fomu ya uhakiki ilikuwa na visanduku viwili, Yupo na Hayupo. Akatia alama: Yupo.

"Mama," alisema Mzee Makungu, "mbona umeandika yupo?"

"Nikiandika hayupo, mzee, watamfukuza kijana wao kazi, jioni mjomba wake atampa nyingine. Kufukuzwa kazi ni kidogo mno. Waache kwanza waendelee kuwa na mtuhumiwa."

Senene alimwachia mzee. Shati alirudi nalo.

Haikupita wiki, Dakta Mwombela akamwita ghorofa ya tano na kufunga mlango. Rogati amekua, alieleza. Ripoti zake hazijawahi kuchelewa. Ingefaa katika Mpango mpya pawe na nafasi ya Afisa wa Daraja la Juu Maalumu, mwenye gari lenye bendera.

"Nafasi naweza kuiweka, Mheshimiwa," alisema Leokadia. "Mtuhumiwa ndiye hatuna. Wakubwa tulio nao ni wa daraja la pili, mchungaji mmoja na golikipa wa timu ya taifa."

"Basi atafutwe mkubwa zaidi!"

"Kwa sifa zipi? Sifa za daraja hilo hazijawahi kuandikwa."

"Nitazitoa mwenyewe. Andika!" Dakta alisimama, akaanza kutembea chumbani mikono nyuma. "Awe mtu anayezijua siri zote za dola."

"Zote, Mheshimiwa?"

"Zote! Awe na funguo za milango mitatu ya ghala la siri. Awe amekula meza moja na mabalozi. Asiwepo wa kumuuliza jana ulikuwa wapi. Akiingia mahali, watu wasimame." Alipita mbele ya kioo, akapunguza mwendo. "Awe na sura ya kuvutia. Hatari kubwa siku zote ina sura ya kuvutia. Na sauti nzito."

"Na makazi yake?"

"Nyumba ya Mapumziko, wapi tena! Mtu wa namna hiyo hafai kuonwa barabarani."

"Na afisa wake?"

"Asibanduke! Chumba kimoja, meza moja, mlango ufungwe kwa nje. Usiku na mchana!"

"Kwa muda gani, Mheshimiwa?"

"Kwa muda wote wa Mpango! Miaka ishirini! Hatari haina likizo, Bi Leokadia!"

Hakuwa na nia mbaya kwa mpwa wake. Alikuwa anapenda tu sentensi zinazoishia kwa kishindo, na wala hakujua kwamba mambo yanayoandikwa huweza kutendeka, kwa kuwa hakuwahi kusoma lililoandikwa.

Leokadia aliandika yote, neno kwa neno. Kisha akatafuta, na alitafuta kwa haki. Alipekua majalada elfu tisa. Golikipa hakuwa na funguo. Mchungaji alikuwa na sauti nyembamba. Jalada moja tu nchini lilitimiza kila sifa, pamoja na ile ya sura, ambayo kwa kweli aliikubali shingo upande. Akachapa jina. Chini yake akaongeza mstari wa kawaida wa ikama: kwa kuwa nafasi hii mpya inachukua ile ya 4471, huyo 4471 aondolewe kwenye orodha na akabidhiwe kwa jamaa zake.

Afisa Msomaji aliusoma waraka ghorofa ya tatu. Akausoma tena. Akainua macho, akamtazama Leokadia kwa muda mrefu, na jasho likamtoka puani. Kumwambia msaini kilichomo ni kosa la uhaini.

"Nimesoma," alisema hatimaye.

"Ahsante," alisema Leokadia.

Dakta Mwombela alisaini dirishani. Alisaini mara mbili, kwa sababu saini yake ilimpendeza.

Rogati alikabidhiwa gari na bahasha katika sherehe fupi yenye tarumbeta. Kanuni ilimtaka afungue bahasha ndani ya gari, akiwa peke yake. Akafungua, akaona jina la mjomba wake aliyemtoa kwenye ghala tupu akamfanya mtu. Mashahidi wanasema alisita. Alisita kiasi cha kuitazama bendera ya gari ikipepea mara nne au tano, halafu akapanda ghorofani na askari wanne.

"Rogati, mwanangu, hii ni saini yangu!" alipiga kelele Dakta.

"Ndiyo, mjomba. Nimeiona."

"Basi unajua sikusoma!"

"Najua, mjomba. Ingekuwa hatari zaidi kama ungesoma."

Walipomteremsha ngazi walipita mlango usio na namba, na Leokadia alikuwa amesimama pale.

"Bi Leokadia! Wewe waambie!"

"Mimi nilichapa tu, Mheshimiwa."

Rogati alidhani atamfikisha mjomba, atasaini kitabu, arudi mjini na bendera yake. Mzee Makungu alimwonyesha aya ya tisa ya waraka. Kwa kuwa mahali pale hapakuwa na mwenzake wa kugawana naye kazi, mzee huyo alikuwa mtumishi pekee wa Idara aliyesoma na kusaini mwenyewe, na alikuwa msomaji mzuri. Akawaingiza wote wawili katika chumba kimoja chenye meza moja, akafunga kwa nje.

"Mzee! Mimi ni afisa!"

"Ndiyo, baba. Imeandikwa. Usibanduke."

Gari lilibaki getini mpaka kuku wa mpishi wakapata pa kutagia.

Wakubwa wa nchi walipouliza kama pametokea makosa, Idara ilifanya makadirio. Mtuhumiwa wa Daraja la Juu Maalumu alihitaji walinzi, wapishi, waonjaji wa mapishi, wanakili wa maneno yake na wahakiki wa wanakili, jumla watumishi mia mbili na kumi, wote wameshaajiriwa, wote wana watoto. Iliundwa kamati ya kupokea rufaa yake, nayo ilitokana na hao mia mbili na kumi. Ilimsikiliza Dakta kwa saa sita. Wajumbe wawili walilia. Kisha kamati ikaona, kwa kauli moja, kwamba hatari yake imeongezeka.

Leokadia alifika mwezi wa pili baada ya hapo akiwa na jeneza, ndugu zake wanne, na kibali chenye saini mbili za Dakta Mwombela mwenyewe. Walifyeka maharage, wakachimba. Dirishani aliona uso, na sura ilikuwa imepungua kuvutia.

"Bi Leokadia, nihurumie, mama yangu! Huyu mtu anakoroma. Analia mchana kutwa. Na homa imeanza kunipata, naomba daktari!"

"Ombi la daktari husainiwa na Mkurugenzi Mkuu," alisema Leokadia. "Nafasi hiyo sasa hivi haina mtu."

"Nani anaiweka nafasi kwenye ikama?"

"Mimi."

Akawageukia ndugu zake, akashika pembe moja ya jeneza. Mifupa ya mtu mrefu haikuwa mizito, na wepesi ule ndio uliomliza, pale pale mbele ya dirisha, bila kujificha.

Ningependa kuwaambia kwamba njiani aliona ubatili wa kisasi, moyo ukamlainika. Ingekuwa hadithi ya kumpendeza mkubwa yeyote. Lakini taarifa za kuaminika zinasema alilala usingizi mzuri usiku huo, na uliofuata, akaamka na njaa.

Gervasi alizikwa kwao, kwa majina yake yote, amevishwa lile shati la mikono mirefu. Padri alihubiri juu ya msamaha, akahubiri vizuri, kisha akasogea kaburini na kuinamisha kichwa.

"Leokadia binti yangu, mbele ya huyu uliyempenda, utawasamehe waliomtenda haya?"

Leokadia alifuta uso kwa upindo wa khanga, akafikiri kwa uaminifu, kama alivyozoea kufikiri kazini.

"Nitawasamehe, Padri. Mpango ni wa miaka ishirini. Nimewaweka mwaka wa ishirini na moja."

Padri alimtazama, akawatazama na wale waombolezaji wawili wasiojulikana waliokuwa wakiandika kule nyuma, akaona afadhali aendelee na sala.